Giza Halipakuliwi

Leo tunaweka kodi kando kidogo.

Wiki iliyopita niliwaonyesha wenzangu kazini picha ya Njia Nyeupe (wengine huiita Njia ya Maziwa) niliyopiga nyumbani kwetu, kusini mwa Kitui. Kila mmoja aliniuliza swali lilelile: umetumia programu gani? Sishangai. Sisi watu wa kompyuta tunaamini kwamba nyuma ya kila kitu kizuri kuna programu. Na kweli programu zilikuwepo, tena za bure, na moja niliiandika mwenyewe. Lakini jibu la kweli ni kwamba nilitumia giza. Nataka nieleze kwa nini nasema hivyo, na kwa nini giza hilo limeanza kuniponyoka.

Kwanza vifaa, kwa sababu najua mtauliza. Kamera ni Canon EOS 1200D ya mtumba, ya toleo la mwaka 2014. Nina lenzi mbili: ile ya milimita 18 hadi 55 iliyokuja na kamera, na nyingine ya milimita 50 ambayo tundu lake hufunguka hadi f/1.8. Nina stendi ya miguu mitatu na kompyuta ya mkononi, ileile ninayofanyia kazi ya ofisi. Darubini sina.

Shida ya kwanza ya kupiga picha za nyota ni kwamba dunia haitulii. Inazunguka nyuzi 15 kila saa. Ukiiacha kamera wazi muda mrefu, nyota zinageuka vistari. Wapiga picha wana kanuni nyepesi: chukua 500, gawa kwa urefu wa lenzi, jibu ni sekunde unazoweza kuiacha kamera wazi. Kwa kamera yangu, ambayo kihisi chake cha mwanga ni kidogo, milimita 18 huhesabiwa kama 29 hivi. Kwa hiyo napata sekunde 17. Hizo ni chache mno kwa kitu hafifu kama Njia Nyeupe. Picha inatoka imejaa chenga, kama televisheni za zamani zilipokosa mawimbi.

Hapa ndipo programu inapoingia. Nyota iko palepale katika kila picha, lakini chenga hubadilika ovyo kila mara. Ukipiga picha 100, ukazipanga nyota juu ya nyota na kutafuta wastani wa kila pikseli, nyota zinabaki na chenga zinafutana zenyewe kwa zenyewe. Chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha. Picha 4 zinazipunguza hadi nusu. Picha 100 zinazipunguza hadi sehemu moja ya kumi. Lile somo la takwimu la chuoni, ambalo wengi tulidhani ni la kupitia mtihani tu, ndilo hili.

Niliandika skripti yangu kwa Python. Inasoma faili ghafi za kamera, inatafuta pembetatu zinazoundwa na nyota tatu tatu, inalinganisha pembetatu za picha moja na za nyingine, kisha inazisogeza zilingane. Badala ya wastani natumia thamani ya kati. Ndege ya Mombasa ikikatiza kwenye picha mbili kati ya 100, wastani utaacha mstari hafifu, lakini thamani ya kati haimjui huyo mgeni kabisa. Ni hivyohivyo kwa setilaiti za intaneti, ambazo siku hizi hupita kwa misafara baada ya magharibi. Kwa kazi kubwa natumia Siril, programu huria ambayo yeyote anaweza kuipata bure. Lakini kuandika yangu kulinifundisha kinachotendeka ndani.

Sasa njooni kijijini.

Kwetu ni nyuzi 2 hivi kusini mwa ikweta, upande unaoelekea Tsavo Mashariki. Ukikaa karibu na ikweta unaiona karibu mbingu yote. Mwezi Mei, saa tatu usiku, natazama kaskazini namwona Dubu Mkubwa, nageuka kusini naiona Salibu, ule msalaba wa kusini. Mtu wa London haioni Salibu maisha yake yote asiposafiri. Wa Melbourne hamwoni Dubu Mkubwa mzima. Sisi tunawaona wote wawili tukiwa tumekaa kwenye kigoda kimoja. Ikweta hii imewafaa hata wanasayansi wakubwa. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Waliipa jina Uhuru, kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake. Data yake ilisaidia wanaastronomia kushuku kwamba kitu kiitwacho Cygnus X-1 ni shimo jeusi.

Lakini ikweta ina usumbufu wake. Karibu kila mwongozo wa kupiga picha za nyota huanza hivi: elekeza kifaa chako kwenye Nyota ya Kaskazini. Kwetu nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho. Haionekani hata ukipanda juu ya mti. Ncha ya kusini ya mbingu nayo iko nyuzi 2 tu juu ya ardhi, nyuma ya migunga na vumbi, na nyota iliyo karibu nayo ni hafifu mno. Miongozo hiyo iliandikwa na watu wa mbali kwa ajili ya watu wa mbali.

Nilipokaa na kuchora, niligundua kwamba mahali petu ni rahisi kuliko kwao. Kifaa cha kufuata nyota lazima mhimili wake uwe sambamba na mhimili wa dunia. Ulaya ya kaskazini wanalazimika kuuinua nyuzi 50 na zaidi. Kwetu mhimili huo umelala karibu sawa na ardhi! Nilienda kwa fundi wa mbao pale sokoni, akanikatia mbao mbili za nusu mita, akaziunganisha kwa bawaba kama kitabu. Bawaba inalazwa kaskazini-kusini kwa kufuata dira ya simu, na upande wa kusini nauinua kwa kipande cha mbao chenye unene wa milimita 17. Hizo ndizo nyuzi zetu 2.

Kinachoufungua huo "ubao-kitabu" ni skrubu ya M6, ambayo ikizunguka mara moja husogea milimita 1. Niliiweka milimita 228 na nusu kutoka kwenye bawaba. Kwa nini hapo? Duara lenye nusu kipenyo hicho lina mzingo wa milimita 1,436. Na dunia humaliza mzunguko mmoja, ukipima kwa nyota, katika saa 23 na dakika 56, yaani dakika 1,436. Kwa hiyo skrubu ikizunguka mara moja kwa dakika, ubao unakwenda sawasawa na mbingu. Mota ndogo, bodi ya Arduino, pawabanki ya simu, na mistari isiyozidi 30 ya kodi. Kwa lenzi ya milimita 50, badala ya sekunde 6 napata dakika nzima bila nyota kuburuzika. Fundi alipoona kazi ya mbao zake aliniambia: "Kumbe nimetengeneza saa."

Mama yangu hajui habari za Arduino, lakini anga anaijua. Hata lugha yetu inaijua. Kile kikundi kidogo cha nyota ambacho wazungu hukiita Pleiades, kwa Kiswahili ni Kilimia, jina linalotokana na kulima. Kila mwaka karibu na Mei hupotea kwenye mwanga wa jua, halafu mwezi Juni huzuka tena alfajiri. Wazee wa pwani wana methali: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mabaharia nao walikuwa na Suheli, nyota ya pili kwa kung'aa usiku, hata jina lake likawa neno la upande wa kusini. Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali, zote zina majina. Waliotutangulia walikuwa na majina haya kwa sababu walikuwa na giza. Mtoto aliyelelewa Nairobi leo atazisoma nyota hizo kitabuni kama anavyosoma habari za nyangumi.

Wengine huniambia: si uondoe tu mwanga wa mji kwa kompyuta? Hapa naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo, kwa sababu ndiyo roho ya jambo lenyewe.

Mwanga hufika kwenye kamera kama matone ya mvua juu ya mabati. Hauji kwa mpangilio, unaanguka kwa bahati. Tuseme kijijini kila pikseli inapokea matone 100 kutoka kwenye mbingu tupu. Kwa kuwa ni bahati, pikseli moja itapata 92, jirani yake 109. Wanapishana kwa takriban 10, yaani kipeuo cha pili cha 100. Sasa tuseme wingu hafifu la gesi kati ya nyota linaongeza matone 20. Ishirini dhidi ya kumi, unaliona.

Nenda mjini ambako mbingu ni angavu mara 30. Pikseli inapokea matone 3,000, na kupishana kwake ni kama 55. Kompyuta inaweza kutoa zile 3,000 bila taabu, ni mstari mmoja wa kodi. Lakini zile 55 haiwezi kuzitoa, kwa sababu haijui ni pikseli ipi iliyopata ziada na ipi iliyopungukiwa. Wingu lako la matone 20 limezama humo. Ili ulipate tena inabidi ukusanye mwanga mara 30 zaidi. Kazi ya saa moja ya kijijini inageuka kazi ya saa 30 za mjini, na hiyo ni kama mawingu yatakuruhusu.

Kwa hiyo programu huondoa mwanga uliozidi, lakini bahati nasibu iliyokuja nao inabaki. Mwaka 2001 Mmarekani John Bortle alichapisha kipimo cha giza la mbingu chenye madaraja 9. Kwetu ninapakadiria kuwa daraja la 3. Katikati ya Nairobi ni la 8 au 9. Hakuna kamera wala programu ya kukurudisha kutoka 9 hadi 3. Giza halipakuliwi.

Nilisema giza limeanza kuniponyoka. Stima ilifika kwetu mwaka 2019, na sitaki mtu aniambie kwamba hilo lilikuwa jambo baya. Mimi nilisoma shule ya msingi kwa koroboi, naijua harufu yake. Mwaka 2023 jirani yetu aliibiwa mbuzi 11 usiku mmoja. Mama anaishi na nyanya pamoja na mbuzi wao, hakuna mwanamume nyumbani. Akanipigia simu: "Mwanangu, niletee taa kubwa. Ile ya kumulika hadi ng'ambo ya mto."

Fikirieni nilivyosikia. Ng'ambo ya mto ndiko kusini. Ndiko katikati ya Njia Nyeupe hupita, na ndiko kamera yangu hutazama. Lakini sikuwa na haki ya kumwambia mama akae gizani na hofu ili mimi nipate picha. Picha haichungi mbuzi.

Nilifanya tunachofanya kazini mteja akileta ombi. Sikuanza na taa aliyoitaja, nilianza na anachohitaji. Mama hakuhitaji kumulika mto. Alihitaji kujua mtu akikaribia zizi. Taa inayouzwa sana madukani ni ya wati 50, nyeupe ya samawati, na watu huifunga ikitazama mbele kama taa za gari. Mwanga mwingi unakwenda machoni na mbinguni. Mimi nilinunua mbili za wati 10 zenye mwanga wa manjano na kihisi mwendo. Moja niliifunga zizini na nyingine mlangoni, zote chini ya paa, zikitazama ardhini.

Mama alizitazama akacheka. "Hivi ni vijitaa vya vifaranga."

Nikamwomba tufanye jaribio. Jirani ana ile ya wati 50. Binamu yangu alienda kusimama hatua mbili nyuma ya taa hiyo, na mama akasimama uani akitafuta alipo. Hakumwona. Mwanga ulikuwa unamchoma macho na nyuma yake kulikuwa kweusi kama kisima. Tukarudi kwetu. Binamu akanyata kuelekea zizi, taa ikawaka yenyewe, na mama akaona mpaka kandambili alizovaa. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema maneno ambayo mimi na digrii yangu nisingeyasema vizuri hivyo: "Ile ya jirani inawaka tu. Hii inaniita."

Hadi leo zinafanya kazi. Zikizimika, na zimezimika muda mwingi wa usiku, mbingu inarudi yote.

Sokoni ni hadithi nyingine. Mwaka 2024 tulisimamishiwa mlingoti wa mulika mwizi, kilomita 2 kaskazini mwa nyumbani. Akina mama sasa huuza nyanya na viazi hadi saa tatu usiku. Watu wa boda boda wanapata abiria. Hakuna anayetaka uondolewe, hata mimi. Lakini taa zake zimeelekezwa mbali badala ya chini, na ukipanda kilima unaona kuba la mwanga juu ya soko. Dubu Mkubwa bado yupo, ila nyota ndogo zilizomzunguka zimepotea. Kusini bado kweusi. Bahati yangu ni kwamba katikati ya Njia Nyeupe hupita upande huo, nyuzi 63 hivi juu ya upeo.

Sasa kuna mpango wa mlingoti wa pili, karibu na zahanati, yaani kusini. Niliomba nafasi kwenye baraza, nikapewa dakika chache. Sikuzungumzia galaksi. Niliwaonyesha picha niliyopiga kutoka kilimani, miale ikipaa juu ya soko, nikauliza: hii stima inayomulika mawingu analipa nani? Watu wakacheka. Nikaomba taa zifungiwe vifuniko, zitazame chini, na zipunguzwe baada ya saa sita usiku.

Mzee mmoja akasimama. "Kijana, sisi tumekaa gizani miaka sitini. Leo taa imekuja, wewe wa Nairobi unataka tuizime?"

Baraza lote lilinitazama. Nikamjibu, "Hapana mzee. Nataka ikumulikie wewe unapotembea, isimulikie popo." Alitikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kunihurumia. Baraza lilimalizika bila uamuzi.

Nimelifikiria sana neno la yule mzee. Ana haki. Giza kwake lilikuwa nyoka njiani, mgonjwa kubebwa usiku kwa tochi, mtoto kushindwa kusoma. Hakulichagua. Mimi narudi kulitembelea wikendi nikiwa na kamera, halafu Jumatatu niko Nairobi. Ndiyo maana sidai taa isije. Nadai ije vizuri mara ya kwanza, kwa sababu kifuniko cha bati ni rahisi kukifunga kabla mlingoti haujasimama, na ukishasimama hakuna atakayeupanda tena.

Kwa anayetaka kuanza, usisubiri kamera. Simu nyingi za siku hizi zina sehemu ya kuweka mipangilio mwenyewe. Iegemeze kwenye jiwe, weka sekunde 15, piga nyingi. Pakua Stellarium, ni ya bure, itakuonyesha nini kiko wapi. Chagua siku za mwezi mwandamo. Yape macho dakika 20 bila kuangalia kioo cha simu. Beba tochi na uifunge karatasi nyekundu, utaona nyoka na nge bila kuharibu macho yako. Na tafadhali waambie majirani mapema. Mtu anayechutama karibu na zizi saa nane usiku akiwa na mashine ya miguu mitatu ana maelezo mengi ya kutoa.

Kisha ukirudi ndani, itazame taa ya nje ya nyumba yako. Inamulika nini hasa? Kama inamulika dirisha la jirani na matawi ya mwembe, igeuze itazame chini. Hiyo ni kazi ya bisibisi na dakika tano.

Michoro ya ubao-kitabu nitawatumia mkiitaka. Narudi nyumbani Desemba, na nitawaambia kama mlingoti wa pili umesimama, na taa zake zinatazama wapi.